Nilisema Sikuona

Tabora, Jumapili, wageni wakiwa wameshaondoka

Nyamizi mwanangu,

Nimeanza barua hii mara tatu, na mara tatu nimeinuka. Mara ya kwanza nilikwenda jikoni kuangalia kama maji yamechemka, wala sikuwa nimebandika maji. Mara ya pili nilitoka uani kuanua nguo ambazo wewe ulishazianua. Mara ya tatu sijui nilikwenda kufanya nini; nilijikuta nimesimama ukumbini nimeshika kalamu. Sasa nimekaa, mlango nimeurudisha, na nakusikia chumbani kwako ukipanga vitabu na kuvipangua. Treni yako ni kesho asubuhi.

Habari za sweta, za vidonge vya malaria na za kuandika nyumbani kila mwezi umeshaambiwa na shangazi zako mpaka masikio yamekuwasha. Mimi nina jambo moja tu. Ulipaswa kulijua tangu ulipoanza kusoma.

Leo mchana, watu wakila, mchungaji alikuuliza, "Binti, hayo mambo ya nyota umeyaokota wapi?" Ukacheka, ukanawa mikono, ukasimama. Ukawasimulia kisa cha Itetemia. Ukawaonyesha ukubwa wa kile kioo kwa kunyoosha mikono. Ukaigiza fundi saa na kile kioo chake kidogo jichoni, ukaigiza mkono wake mzito ukichokonoa mtambo usioujua. "Nyota ikapita nyuma ya mwezi," ukasema, "na karatasi ikatoka tupu! Mtu mmoja na bisibisi yake, kwisha kazi!" Watu wakaangua kicheko. Mimi nami nikacheka, mwanangu. Nilicheka hadi nikafuta machozi kwa pindo la kitenge.

Wakati huo Bi Zuhura alikuwa anatoka jikoni na sinia la pili la pilau. Alisimama. Kisha akaliweka sinia chini, pale pale mchangani, akajifunga kanga yake vizuri, akatoka kwa mlango wa uani bila kuaga. Wewe ulisema, "Maskini, amechoka na moshi."

Hakuchoka. Yule fundi saa ni kaka yake wa tumbo moja. Anaitwa Swedi. Sikuwahi kukutajia jina lake, na sasa unaanza kuelewa kwa nini.

Kisa ulichosimulia nilikupa mimi. Ulikuwa na miaka tisa, ukaiona ile picha ya kioo ndani ya Biblia yangu, ukauliza. Nilikujibu kirahisi mno. Nilikitia chumvi, nikakitia sauti, nawe ukakipenda, ukawa unakiomba kama watoto wengine wanavyoomba hadithi za sungura. Sehemu kubwa ni kweli. Kioo kilikuwapo, nyota ilikuwapo. Ila aliyeua jicho la ule mtambo ni mimi.

Ngoja niandike kwa mpangilio, maana nikiinuka tena sitarudi.

Ulikuwa na miaka saba. Mimi nilikuwa mwalimu wa fizikia, mwanamke peke yangu kati ya walimu wa sayansi hapa mjini. Akaja mtafiti mmoja kutoka ng'ambo, Daktari Harald, mrefu, mwenye kigugumizi, Kiswahili chake cha kujifunza kitabuni. Alileta kioo cha taa kubwa ya vita, zile zilizokuwa zikimulika ndege angani. Kiliteremshwa stesheni ndani ya kasha lililoshindiliwa majani makavu. Lori lilikuwa bovu, kwa hiyo wanaume wanane walikitia miti, wakakibeba mabegani, wakapita kipande cha ile njia ya zamani ya misafara mpaka Itetemia, kwenye shamba la karanga tulilopewa. Babu yangu mimi alibeba pembe kwa njia hizo mpaka pwani. Alikuwa na sugu begani ngumu kama fundo la mti. Siku hiyo nilitembea nyuma ya kasha na daftari kwapani na viatu vya kisigino miguuni. Mjukuu wa mpagazi, msaidizi wa Daktari. Nilijiona, Nyamizi. Nilijiona sana.

Kazi ya kile kioo unaijua kuliko ninavyoweza kuieleza sasa. Mionzi ya gama ikitoka mbinguni haifiki chini. Inavunjika juu hewani, na ikivunjika inaacha kimulimuli cha buluu kinachokufa kabla hujajua kimezaliwa. Kioo kile hakikuwa cha kuonyesha sura. Ungekielekeza kwenye mwezi, kingekuonyesha kitu kama ute wa yai uliomwagika. Lakini kilikuwa kipana, na katikati yake kulikuwa na kisanduku chenye kitungi cha kioo, kidogo kuliko chupa ya soda, tulichokiita jicho. Ni taa iliyogeuzwa: taa ya kawaida unaipa umeme, inakupa mwanga, ile uliipa mwanga, ikakupa umeme, upesi ajabu. Siku zisizo na mwezi Daktari aliwinda vimulimuli vyake. Mwezi ukiwapo alikifunika kioo kwa turubai, akalala.

Swedi aliajiriwa kutunza saa na mota ya mashine ya karatasi, ile iliyochora umeme wa jicho kwa mstari. Alikuwa na meza yake sokoni, kwenye baraza ya mafundi. Mtu wa maneno mengi, mbishi, anayekukatiza kabla hujamaliza. Ukimpelekea saa alikwambia kwanza makosa yako, ndipo anaifungua. Mimi sikumpenda. Aliishia darasa la nne, na alikuwa akiniuliza maswali mbele ya Daktari ambayo sikuwa na majibu yake.

Jioni moja, mwezi ukiwa mchanga, alikuwa amekaa juu ya kasha tupu, akaanza.

"Daktari, mimi mtaani kwetu ndiye natazama mwezi mwandamo. Mara tatu nimeona nyota ikimezwa na mwezi. Haizami taratibu kama jua. Inakatika, kama uzi. Sasa nauliza: inakatika kweli, au ni macho yangu mazito?"

Daktari aliacha kufunga turubai. "S-sema tena."

Swedi akasema tena, kwa sauti ya mtu anayedhani hakusikika.

Daktari akakaa chini mchangani, suruali nyeupe na yote. Akatueleza kwamba nyota nayo ni jua, ina upana, kwa hiyo mwezi hauwezi kuifunika yote kwa mpigo. Unaanza ukingo huu, unamalizia ule. Ni upesi kuliko kope, ndiyo maana tunaona imekatika. Lakini jicho la mtambo lilikuwa limezoea vimulimuli vya upesi zaidi ya hapo, lingeweza kuiona ikififia, na karatasi ikikimbia kasi ya kutosha ingeandika kule kufifia. Na ukijua nyota imechukua muda gani kufifia, umejua upana wake. Pale pale tukafungua vitabu vyake. Ile nyota nyekundu iliyo kifuani mwa kundi la Nge ingepita nyuma ya mwezi baada ya wiki chache, saa mbili za usiku, upande wa mwezi wenye giza. Turubai halikuwa na kazi tena.

Kwenye daftari la kazi niliandika, "Daktari amependekeza." Sikuandika jina la Swedi. Huo ulikuwa uongo wa kalamu, mwepesi. Sikuuhisi hata mkononi.

Kisha siku yenyewe ikafika. Mkuu wangu wa kazi alikuwa ameniambia asubuhi, kwa upole kabisa, "Mwalimu, nenda, lakini ukivuruga, mwanamke mwingine hatapelekwa kwenye mambo haya." Nilikwenda na maneno hayo kama jiwe ndani ya kiatu.

Tulikuwa na kanuni moja, Daktari aliiandika kwa chaki ubaoni: kabla ya kufungua kisanduku, uliza kwa sauti kama umeme umezimwa, ungoje kujibiwa. Jicho likiwa na umeme na likaona mwanga mkali, linaungua. Na tulikuwa na jicho moja.

Baada ya magharibi Swedi alipanda ngazi kukaza skrubu ya kile kibati chembamba kinachozuia mwanga wa mwezi usiingie. Aliuliza, akajibiwa, akakaza, akashuka. Daktari akawasha umeme ili jicho lizoee. Halafu akaenda upande wa pili kuangalia mota na Swedi akamfuata, wakibishana.

Mimi nilibaki chini ya ngazi. Nikawaza: huyu amekaza vizuri kweli? Fundi wa saa za mkononi, darasa la nne? Kibati kikisogea wakati wa nyota, lawama itakuwa ya nani? Nikapanda. Sikuuliza. Nyamizi, nilijua kanuni. Mimi ndiye niliyeisoma kwa sauti wakati Daktari anaiandika. Sikuuliza kwa sababu kuuliza kungemfanya Swedi ajue kwamba namkagua, na mwalimu hapaswi kuuliza kitu anachotakiwa kukijua. Nikafungua kifuniko, nikawasha tochi, nikamulika ndani. Kwa muda wa pumzi mbili tu. Skrubu ilikuwa imekazwa vizuri kuliko ambavyo ningeweza mimi.

Ndipo nikasikia mvumo mdogo wa umeme ndani ya kisanduku, kama nyuki mmoja. Nikazima tochi, nikafunga, nikashuka. Nikajiambia pumzi mbili haziwezi kuua kitu.

Saa mbili ilipokaribia nilikaa kwenye darubini ndogo ya kulengea. Swedi alihesabu kwa sauti kutoka kwenye saa yake kubwa, safi, bila kutetemeka. Karatasi ikaanza kukimbia, inalia kama kitambaa kinachochanwa. Mimi niliiona nyota, Nyamizi. Ilikuwa nyekundu, pembeni mwa giza la mwezi, imetulia. Kisha haikuwapo. Katika watu wote watatu mimi peke yangu niliitazama, na nilipaza sauti, "Imekwenda!"

Daktari akavuta karatasi chini ya taa nyekundu. Mstari mmoja, umenyooka toka mwanzo hadi mwisho.

Alipanda mwenyewe. Aliposhuka alikuwa ameshika lile jicho mkononi kama mtu aliyeokota ndege. "Limeungua," akasema. "N-nani alifungua kisanduku umeme ukiwa umewashwa?"

"Mimi nilikaza skrubu," Swedi akajibu upesi, "lakini kabla ya umeme. Niliuliza, ukanijibu."

"Na baada yake?"

Daktari akanigeukia. Hakuwa akinishuku, alikuwa akinitegemea. "Mwalimu, wewe ulikuwa pale kwenye ngazi. Uliona nini?"

"Nilikuwa kwenye darubini," nikasema. "Sikuona."

Neno moja. Lilitoka laini kuliko salamu. Swedi alinitazama kama anavyotazama saa iliyosimama, anatafuta ilipokwama. Mtu mbishi kuliko wote niliowajua, na hakusema kitu.

Ningekuwa nimesema wakati ule, ingekuwaje? Nimejiuliza nikipika, nikisahihisha madaftari, nikiwa kwenye nyimbo kanisani. Labda Daktari angekasirika siku mbili. Labda mkuu wangu angetimiza alichosema. Jicho lingine lilipaswa kuagizwa ng'ambo, na kibali cha Daktari kilikuwa kinakwisha, hilo lisingebadilika. Alifunga kasha lake akaondoka, na upana wa ile nyota haukuandikwa Itetemia. Hayo yangetokea vyovyote. Yaliyompata Swedi yasingetokea.

Kwanza kulikuwa na kikao. Unajua maneno ya miaka ile. Kila kilichovunjika kilikuwa hujuma. Niliitwa, nikarudia neno langu lile lile, safari hii mbele ya karani anayeandika. Baada ya kikao watu wakaanza kumwita Swedi mhujumu, kwanza kwa utani. Kisha meza yake sokoni ikaanza kupungukiwa saa. Watu walisema, "Aliyeharibu mtambo mzima atashindwa kuharibu saa yangu?" Nilikuwa nikipita upande wa pili wa soko. Siku moja saa yangu iliingia maji ya mvua, ikasimama. Nikaipeleka kwa fundi mwingine.

Ulipofika wakati wa watu kuhamia vijijini, orodha zilitembea mitaani za wasio na kazi inayoeleweka mjini. Jina lake likawamo. Fundi saa asiye na saa. Alipakiwa kwenye lori na mkewe na godoro, wakapelekwa kijiji kipya, mbele ya Isikizya. Mimi wakati huo nilikuwa nimepandishwa cheo.

Marehemu baba yako sikumwambia. Nilikaribia mara moja, akaanza kukohoa, nikampelekea maji, basi.

Miaka minne iliyopita nilikwenda huko kijijini. Nilikuaga kwamba nakwenda kwenye mazishi. Nilipanda lori la tumbaku, nikateremka, nikaulizia. Nilimkuta akikagua majani ya tumbaku yaliyoning'inizwa bandani.

"Shikamoo, Fundi."

Hakuitikia. Yeye ananizidi miaka kumi na zaidi, na hakuitikia. Aliendelea kugeuza majani. Nikasimama pale mlangoni na mkoba wangu wa mjini.

"Fundi, mimi ndiye niliyefungua."

"Najua," akasema. "Nilisikia tochi. Swichi ya tochi yako ilikuwa na mlio mbaya, nilitaka kukutengenezea."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, nani angeniamini? Wewe ulikuwa mwalimu." Ndipo akanigeukia, akaninyooshea mikono yote miwili. "Nitazame vidole."

Vilikuwa vimevimba viungoni, vimepasuka kwa jembe.

"Hivi haviwezi kushika skrubu ya saa tena," akasema. "Redio naweza. Baiskeli naweza. Saa, basi."

Nilianza kulia. Akakasirika. "Usinililie bandani kwangu, majani yatashika unyevu. Unataka nini? Nikusamehe?"

"Ndiyo."

"Mimi sikuchukiwa kwa siri humu bandani, Mwalimu. Nilichukiwa sokoni. Nenda kwenye baraza ya mafundi, siku yenye watu, useme kama ulivyoniambia. Ukishasema, njoo tena uniamkie, nitaitikia."

Nikamwahidi. Nilishika mlango wa banda nikaahidi kwa jina la Mungu.

Sikwenda. Wiki ya kwanza nilikuwa na mitihani. Ya pili nilikuwa na mafua. Baada ya mwezi nikaanza kusema moyoni kwamba mambo yamepita, wale mafundi wengine wameshakufa, na kuwasumbua watu na habari za zamani ni kujitafutia sifa ya kutubu. Ona akili inavyoweza kufanya kazi ikiajiriwa na woga. Niliweza kuupa ukimya wangu kila jina zuri.

Halafu likaja la kwako. Ulipoandika ile insha ya kuombea nafasi ya masomo, uliniletea niisome. Ukurasa wa pili ulikuwa umeandika juu ya kioo cha Itetemia na fundi mzembe aliyeifanya dunia ikose kitu kidogo cha kujua. Umeandika vizuri. Nilikaa na kalamu nyekundu, nikakusahihishia mkato mmoja na herufi kubwa moja, nikakurudishia. Wakakuchagua. Unakwenda kwenye nchi yenye vioo vikubwa kama paa za nyumba, vilivyotengenezwa kukamata gama, na wewe umesema unataka kuvitumia mwezi unapong'aa, vinapokaa bure, kupima mwanga wa nyota unaobadilika upesi. Nilipokusikia ukilisema hilo nilitoka nje. Nilimsikia Swedi juu ya lile kasha tupu.

Kosa langu la tochi nadhani hata wewe utalifanya, la namna yako. Ukifanya kazi na vitu dhaifu utavunja. Ninachokuogopea ni ile dakika inayofuata, mtu anapokugeukia akiwa anakuamini. Ni fupi sana. Mimi ilinipita nikiwa bado natafuta uso wa kuvaa.

Hapa niliacha kuandika. Nimetoka, nimerudi, na jua limeshazama. Nimekwenda kwa Zuhura.

Alikuwa uani anasugua masufuria yetu, yale yale ya karamu, wasichana walikuwa wamempelekea.

"Hodi, Zuhura."

"Karibu, kama una la kusema."

Nikabaki nimesimama. "Nimekuja kwa alichosema Nyamizi."

"Nyamizi hajasema kitu. Amesema alichoambiwa."

"Mimi ndiye niliyefungua kile kisanduku."

Aliendelea kusugua, mchanga na jivu, duara baada ya duara. "Kaka yangu aliniambia usiku ule ule aliporudi. Mimi nimekupikia msiba wa mumeo, Mama Nyamizi. Nimekupikia kipaimara cha mwanao. Leo nimekupikia pilau ya kumuaga. Kila mara nawasha moto nasema, leo atasema."

"Ungeniuliza."

"Nikuulize ili iweje? Uniambie hukuona?"

Nikamwambia Ijumaa nitakwenda kwenye baraza ya mafundi baada ya swala, watu wakiwa wengi. Akasema Swedi anakuja mjini Ijumaa hiyo, na kwamba hatamwambia lolote, asije akangoja bure mara ya pili. Nimemwomba Zuhura akuandikie yeye kama nilikwenda au sikwenda. Amekubali, atamwandikisha mjukuu wake. Juu ya jambo hilo usiiamini barua yangu, subiri ya kwake.

"Na mwanao?" akaniuliza nilipokuwa nageuka. "Yeye anaondoka na kisa kipi?"

"Nimemwandikia barua. Nitaitia chini ya nguo zake, ataisoma akifika."

Aliacha kusugua. Akacheka, kicheko kikavu. "Akifika ng'ambo. Usipoona uso wake. Mama Nyamizi, wewe hata kutubu unatafuta pa kujificha."

Nimetembea kutoka kwake mpaka hapa nikilibeba neno hilo, na limenishinda kulitua. Kweli nilikuwa nimeshachagua mahali, kati ya sweta la kijani na taulo. Nilikuwa nimekokotoa siku ambazo zingepita kabla hujaifikia barua. Nilitaka ukasirike mbali, upoe mbali, uniandikie ukiwa umeshapoa.

Basi haitakwenda kwenye begi. Nakuja nayo sasa hivi. Nitakaa ukingoni mwa kitanda chako, utaisoma mbele yangu, kurasa zote, nami sitainuka. Ukiniuliza nitajibu. Ukitaka kunyamaza mpaka treni iondoke, nyamaza. Na ukitaka kwenda kwa Bi Zuhura usiku huu kabla hajafunga mlango, nitakushikia taa mpaka kwake, kisha nitakungoja nje.

Nakuja kubisha hodi.

Mama yako